Kulabu Sita Nilizozitilia Sahihi

Nakumbuka Ijumaa moja ya ujana wangu hapa Buffalo, Marekani, mwanangu, na nikiikumbuka hadi leo nywele hunisimama. Nilikuwa mwanafunzi, na jioni nilifanya kibarua katika karakana ndogo ya Tonawanda, mji wa jirani, iliyotengeneza kulabu za kamba za wanaanga, zile wanazojifungia wanapotoka nje ya chombo kufanya kazi. Mimi nilitakiwa kuivuta kila kulabu mara tatu kwa nguvu, kisha nitie sahihi. Kazi ya mtoto, nilijiambia. Ujana una kiburi chake.

Siku hiyo Wakenya wenzangu walikuwa wananingoja nje garini twende harusini katika mji wa Columbus. Kulabu sita zilikuwa zimebaki. Nikazitilia sahihi zote bila kuzigusa.

Mzee Nestori, msimamizi wetu, Mrundi aliyekulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania, aliniona. Hakufoka, na laiti angefoka! Aliniketisha kwenye kiti cha majaribio, kinachoelea juu ya hewa inayopulizwa sakafuni, akanisukuma kwa kidole kimoja. Nikaanza kuuacha ukuta, polepole.

"Rudi," akaniambia.

Nikapiga mikono, nikarusha miguu, wapi! Ukuta ulikuwa shubiri moja tu kutoka vidoleni mwangu, nami siwezi kuugusa.

"Huko juu mtu haanguki, kijana wangu," akasema. "Anakwenda tu, huku anawaona wenzake."

Nilimwona akilini mtu huyo, dunia nzima chini ya miguu yake, bahari na mawingu, uzuri ambao Mungu amewaonyesha wachache, naye uhai wake umeshikwa na sahihi yangu. Niliogopa. Nilistaajabu pia kwamba mikono hii ya Kitui, iliyozoea jembe, ilikuwa imefika mbali hivyo.

Niliwaambia wenzangu watangulie, nikarudi mezani. Nikazivuta zote sita. Ya tano ilifunguka mkononi mwangu.

Mwanangu, mwenda pole hajikwai. Usitie jina lako kwenye kazi ambayo mikono yako haijaijaribu, hata wakikungoja watu unaowapenda. Anayekutegemea huenda hutamwona maisha yako yote, na akipotea hatajua ni nani aliyemwachilia. Wewe utajua.

Mungu akupe mikono yenye subira, na kila aliyeshikwa na kazi yako arudi kwao salama.