Mukaba wa Kiti cha Mbele

Juzi nilipanda teksi hapa Lubumbashi, nikakaa mbele karibu na dereva, kijana mmoja mcheshi. Tulipokaribia njia panda akanigusa bega. «Mama, uvute mukaba. Baroulage beko pale mbele.» Nikauvuta, ule mkanda wa usalama, nikatafuta pa kuuchomeka, hamna, kifungio kilishang'oka zamani. «Aa, ulaze tu pa kifua,» akasema, «bale banaangaliaka tu kama mukaba iko.» Basi nikaushika kifuani kwa mkono, tukawapita polisi wa barabarani, na mmoja wao hata akatupungia. Nilicheka sana. Halafu machozi yakanitoka, na yule kijana akaanza kuniomba radhi, maskini, akidhani amenikosea. Ningemweleza nini, na safari ilikuwa fupi? Afadhali nikueleze wewe.

Turudi Kamina, wakati wa Zaire, tulipokuwa bado tunaitana sitwayen na sitwayene, yaani raia. Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa reli, nyumba za matofali zilizopangwa mstari mmoja mmoja. Baba alikuwa mtu wa reli, jirani wa kushoto mtu wa reli, wa kulia pia. Huyu Muluba, yule wa Kasai, mwingine Mubemba, na sisi watoto wote tulitukanana kwa Kiswahili kimoja. Asubuhi king'ora cha karakana ndicho kilichotuamsha. Jioni ungesikia michi ikitwanga sombe, majani ya muhogo, nyumba kwa nyumba, na harufu ya bitoyo, wale samaki wa chumvi waliotoka Bukama, ilikuwa inaingia kwetu bila kubisha hodi. Mama alisonga bukari huku anatugombeza. Sijui kama aliwahi kuisonga kimya.

Baba aliogopa barabara. Mdogo wake alikufa kwenye njia ya Bukama, alipokuwa amekaa juu ya magunia ya samaki kwenye lori. Lori likapinduka, basi. Tangu hapo baba alikuwa anasema treni ndiyo ya wanadamu, lori ni la magunia. Ndiyo maana kambi nzima ilishangaa siku alipoingia na motokari. Ilikuwa ya nesi mmoja wa misheni, mama wa Kizungu kutoka Swede, yaani Uswidi, aliyekuwa anarudi kwao kwa uzee. Alimwuzia baba kwa sababu, alisema, ni mwanaume pekee Kamina anayejua kuogopa.

Ilikuwa motokari nzito, ya pembe nne, rangi ya maziwa yaliyochacha. Sisi watoto tuliiita Valizi, maana kwa kweli ilifanana na sanduku la safari lenye magurudumu. Jumamosi tulichota maji pompani, tukaiosha kwa sabuni ya kipande mpaka matope mekundu ya wiki nzima yakawa kijito mbele ya nyumba. Tuligombania kusugua boneti, kwa sababu ilibaki na joto na unaweza kuegemea tumbo lako pale. Ndani mlikuwa na harufu ya ngozi, vumbi na mafuta, na kidogo ya dawa za yule nesi, ambayo haikutoka kamwe.

Lakini kitu cha ajabu kilikuwa mikaba. Wengi wetu hatukuwa tumewahi kuiona. Nesi alimpa baba hadithi yake, na baba akaipa kambi nzima, kila siku, hata kwa mtu aliyekuja kuomba moto tu. Kule Swede, alisema, barabara zina barafu, na usiku wanyama wakubwa kuliko ng'ombe wanakatiza njia. Wenye kiwanda wakasema, sisi hatutaki kutengeneza motokari ya kukimbia, tunataka ya kumrudisha mtu nyumbani. Wakamchukua fundi aliyekuwa anatengeneza viti vya ndege za vita, vile vinavyomrusha rubani nje ndege ikiharibika. «Munasikia?» baba alikuwa anainua kidole. «Ule fundi alikuwa anatupaka bantu inje. Sasa banamuambia, tafuta namna ya kubashika mu ndani!» Fundi akapata mkaba unaopita begani na kiunoni, unaofungwa kwa mkono mmoja. Na wenye kiwanda, badala ya kuuficha, wakawaachia wenye viwanda wote duniani wauige bure. Hapo baba alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. Mtu anapata kitu kama hicho, halafu anakigawa! Nadhani ni jambo pekee la Wazungu lililomliza.

Kwa hiyo kwetu motokari haikuondoka mpaka mikaba yote imefungwa. Nkambo, mama yake baba, alilalamika sana mwanzoni. «Kwetu mbuzi njo inafungwaka,» alisema, lakini alifungwa, na baba akaendesha polepole hivi kwamba baiskeli zilitupita, na wapanda baiskeli wakitupigia kengele kwa dharau. Baba hakujali. Alikuwa na neno lake moja: «Hakuna muntu alipanda humu, akakosa kurudia.» Na ilikuwa kweli. Wanawake wa kambi waliokuwa na uchungu mgumu, ni Valizi iliyowapeleka hospitali ya Base, ule mji wa askari ulioko mbali kidogo na Kamina, ambako kulikuwa na daktari wa kupasua. Walikwenda wamefungwa mkaba chini ya tumbo, kama nesi alivyomfundisha baba, wakarudi na watoto. Wengine walikuja kumwambia baba mapema, mimba ikiwa bado ndogo, kusudi asisafiri.

Ndiyo sababu yaya, dada yangu mkubwa, alipopata mimba yake ya kwanza, hakuwa na wasiwasi wowote. Alikuwa ameolewa na askari wa huko Base, kijana wa mkoa wa Ekwateri aliyesema Lingala hata akipiga chafya. Desturi yetu mimba ya kwanza inazaliwa kwa mama, basi akarudi nyumbani, akawa analala nami kitanda kimoja na kunisukuma ukutani kwa tumbo lake. Mkunga wa dispensari alimpima, akakunja uso, akasema nyonga zake ni nyembamba, siku ikifika asichelewe kwenda Base. «Papa iko na motokari,» yaya akajibu. Alisema hivyo tu, akaendelea kula embe lake bichi na chumvi.

Mimba ikiwa imekua, jirani wetu wa kushoto alikwenda Luena kumtembelea nduguye, na huko akafa ghafla. Alikuwa mwendesha treni, rafiki na mtani wa baba, watu wa kutaniana kuanzia alfajiri. Treni hazikupita wiki ile, mafuta yalikosekana. Mjane akaja kwetu, akakaa chini sakafuni. Baba akachukua funguo.

Tatizo lilikuwa bariere, vile vizuizi vya barabarani. Njiani askari hawakupitisha maiti bila karatasi, na ofisi ya karatasi ilikuwa imefungwa, na joto lile unalijua. Basi wakamvalisha mzee koti lake la kazi na kofia, wakamketisha kiti cha mbele, wakamfunga mkaba. Mkaba ukamshika vizuri, hakuinama kushoto wala kulia. Mjane alikaa nyuma yake, anampepea. Kwenye bariere askari akaingiza kichwa dirishani. «Ule mubaba iko na nini?» Baba akasema, «Iko mugonjwa, analala.» Askari akamtazama sana, akasema, «Mumupeleke mupole mupole,» na akampigia saluti. Ndivyo rafiki wa baba alivyofika Kamina, watoto wake wakamzika.

Kama hujui vilio vya kwetu, yaani matanga, nikuambie: mtani ana kazi. Watu wakizidiwa na machozi, yeye anasimama, anamcheka marehemu, anamwigiza, mpaka mjane mwenyewe acheke, maana bila hivyo huzuni inamkalia mtu vibaya. Zamu ya baba ilipofika, akasimama katikati ya uwanja. Akaigiza askari. Akaigiza mzee na kofia yake. «Miaka yote nilimuambiaka, funga mukaba, anakatala, anasema yeye haiko mbuzi. Kumbe alikuwa anangojea kufa kwanza!» Yoo! Watu walianguka kwa kicheko. Mjane alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Wapiga ngoma waliacha ngoma. Baba alirudi kukaa anajipangusa jasho, na nilimwonea fahari sana siku ile, sitakuficha.

Jumapili iliyofuata akina mama wa kwaya, ambao kila wiki walijaza Valizi mpaka kanisani, walipita mbele yetu kwa miguu. «Leo tunapenda kutembea,» wakasema. Wiki nyingine wakapenda kutembea tena. Mwanamke aliyekuwa ameomba kupelekwa Base akatafuta pikipiki ya mwalimu. Hakuna aliyemwambia baba kitu. Walimsalimia kwa heshima, wakamletea muhogo, lakini walizunguka motokari kwa mbali, na watoto wao walikatazwa kuegemea boneti. Baba akaiosha. Akaosha viti, akaosha mkaba wenyewe kwa sabuni, akauanika juani, akauosha tena. Nkambo alimwangalia akiwa mlangoni. «Unaosha nini? Hii habari bantu balishaka kuisikia.» Angeweza kumbeba mfu na kunyamaza, njia zote za Zaire zilijaa wafu waliobebwa hivyo. Kilichoharibu ni kwamba kila mtu sasa alikuwa amemwona mfu amekaa pale, kwa jinsi baba alivyomwigiza vizuri.

Uchungu wa yaya ulianza asubuhi, wakati mama anachambua mchele. Mkunga alikuja, akapapasa tumbo, akasema mtoto amelala vibaya, Base, sasa hivi. Baba akaileta Valizi mpaka mlangoni. Mama akamtoa yaya amemkumbatia, na yaya akakiona kiti cha mbele, akasimama.

«Papa, hapana mu ile.»

«Utakaa nyuma, mutoto yangu.»

«Mbele, nyuma, motokari njo ile ile.»

Nkambo akajiweka kati yao na mlango wa motokari. «Mukaba yenye ilifunga mufu haifunge mimba. Munataka kuua mutoto?» Baba akaomba. Aliomba, ndugu yangu, mwanaume aliyekuwa anaamrisha mabehewa. «Niliosha! Miye mwenyewe niliosha!» Mtu mmoja akasema pasta aje kuombea motokari, wakatuma mtoto, pasta alikuwa shambani. Mwingine akasema lori la askari linalokuja sokoni litambeba. Wakatuma mwingine, lori lilishaondoka. Majirani walijaa uani, kila mtu na wazo lake, na yaya alikaa chini ukutani akiuma kanga yake. Jua likapanda, likasimama, likaanza kushuka.

Hapo baba aliingia jikoni, akatoka na kisu cha mama cha sombe. Akafungua mlango wa mbele, akaushika mkaba, akaanza kuukata. Haukukatika. Uliumbwa usikatike, si ndiyo sifa yake? Akawa anaukereza, anavuta, anakereza. Ulipoachia, akautupa majanini, akamgeukia yaya, mikono wazi. «Sasa haiko tena. Ingia, mutoto yangu.»

Yaya akaingia. Sidhani aliamini kwamba sasa motokari imesafika. Nadhani alimwonea baba huruma.

Mama alimshikilia kwa mikono yake njia nzima. Daktari wa Base alimtoa mtoto, msichana, mzima, ndiye aliyelelewa na mama na leo ana watoto wake. Yaya hakurudi. Daktari aliuliza swali moja tu, kwa nini mmekuja saa hizi.

Valizi ilirudi nyumbani mara ile, ikasimama pembeni mwa nyumba, kuku wakataga kwenye viti vya nyuma. Siku za pillage, ule uporaji wa askari, wakachukua magurudumu, baadaye injini, mwishowe mabati yake yakawa majiko ya makaa. Kambi ya reli nayo, ukienda leo, nusu ya nyumba hazina milango, na king'ora hakiamshi mtu. Vilio vimebaki, vingi kuliko zamani, lakini wanaleta vipaza sauti na mziki, na watani hawajulikani tena nani ni mtani wa nani. Vijana wanaona ni utovu wa adabu kumcheka maiti. Huenda wana haki. Mimi ninaukosa ule uwanja, ninakosa watu wazima wakianguka kwa kicheko juu ya mikeka, na ninamkosa baba mwenye kidole juu, akisimulia habari za Swede ambazo hakuzisimulia tena mpaka anakufa.

Kilio cha yaya kilikuwa na watu wengi, na hakikuwa na sauti. Watani wetu walikuja, wakakaa. Siku ya mwisho mjane wa jirani akasimama, kwa maana zamu ilikuwa ya nyumba yake kutuchekesha sisi. Hilo lilikuwa deni la heshima. Akasogea mbele ya baba, akajaribu. «Angalieni huyu mubaba,» akasema, «hata machozi yake inatembea pole pole sawa motokari yake.» Hakuna aliyecheka. Akakaa chini kando ya baba, palepale mavumbini.

Baba akamshika mkono.

«Aksanti, mama,» akamwambia. «Sisi tulishaka kucheka pa kilio ya kwenu.»