Tulikuwa bane, statuts ilisema batano

Wakuu, hamujambo huko muliko. Hii sikuisikia kwa mutu. Niliifanya mimi mwenyewe, na kila kitu nitaandika vile kilikuwa, hata pahali penye kinaniaibisha. Swahili yangu ni ya kwetu Beni na Butembo, munivumilie.

Ilikuwa wakati ya rebellion. Nilikuwa mwalimu ku kijiji kimoja upande ya Mangina. Tulikuwa na maternité kidogo: bitanda bine, meza ya kuzalishia, marmite ya kuchemshia byuma, na sanduku moja ya byuma na dawa. Infirmière, muuguzi wetu, alikuwa Mama Kavira, mutu wa Butembo. Banamuke balikuwa banatembea nusu siku kumufuata.

Ile maternité ilikuwa na comité ya batu saba. Mimi njo secrétaire.

Statuts, ile sheria ya comité, niliandika mimi. Nilikopia ku statuts ya association ingine, nikaongeza article yangu: hakuna kutosha, ni kusema kuondoa, kintu ya maternité pale bila kikao ya batu batano. Quorum. Pale kijijini hakuna mutu alijua hii neno mbele yangu, na nilikuwa ninaipenda sana. Mukicheka mucheke tu.

Kisha vita ikasogea kutoka upande ya pori. Basoda benye balisema banatulinda balianza kurudi nyuma, na kila kijiji balipitia baliacha poste de santé, ile zahanati, tupu, hata magodoro balibeba.

Bamembre bawili ba comité balipotea. Moja tulisikia eti alivuka Uganda. Wa pili hakuna habari.

Mutaniuliza juu ya nini hatukufuta majina yabo. Wakuu, kufuta jina ya mutu mwenye amepotea mu vita ni sawa kumuzika. Muke wa yule wa pili alikuwa bado anamuwekea chakula. Nani angeshika bic akate ile jina? Basi majina ilibaki, na saba ikabaki saba.

Mama Kavira alipata camion yenye ilikuwa inashuka Butembo kesho yake, na parokia moja kule ilimukubalia chumba. Alitaka kubeba maternité yote. Mais ku barrière ya basoda, bila karatasi ya comité na cachet, ile muhuri, bangemuita mwizi na kunyanganya byote. Alihitaji décision yetu, tu ile.

Tulibaki batano: Papa Paluku président, mukatekista mumoja, mama mumoja muuza chumvi, mimi, na Muhindo rafiki yangu.

Muhindo hakutaka maternité ihame. Muke wake Kahindo alikuwa na mimba ya miezi munane, na kuzaa kwake kulikuwa kunguvu tangu zamani. Hangeweza kupanda camion. Nilimuelewa, na mpaka leo ninamuelewa.

Siku moja mbele ya kikao tulikaa naye ku kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Akaniuliza akikataa itakuwa namna gani. Na mimi, mwalimu, mujuaji, nikachukua kijiti nikamuchorea chini. Ukikuya na kukataa, nikamuambia, ni bane juu ya mumoja, umeanguka. Lakini ukibaki kwako, tuko bane, hatufike batano, kikao haiko. Mutu mwenye hakukuya eko na nguvu kupita mutu mwenye anakataa!

Nilicheka mimi peke. Yeye aliniongezea kopo ingine.

Kesho yake asubuhi tulikuwa bane. Muhindo alituma neno eti malaria imemulaza.

Nilikuwa nimetoka kumuona saa moja mbele ya kikao, anafunga miti ya lupango yake, ile uzio.

Papa Paluku akasema basi twende tufanyie kikao kwake, ku kitanda. Tukaenda. Kahindo alisimama ku mulango na ile tumbo yake, akasema bwana amelala, hapana kumuamusha. Tukarudi. Na sikusema kintu, juu ningesema, bangeuliza ni nani alimufundisha.

Bane bote tulinyanyua mikono. Papa Paluku akaniangalia.

"Secrétaire, andika."

"Hatufike quorum, président."

Mama Kavira alikuwa amekaa nyuma, hakuwa na haki ya kupiga kura. Aliuliza polepole sana: "Bale batatu bangekuwa hapa na bangekataa bote, bado ni bane juu ya batatu. Sasa munangoja nini?"

Alisema kweli, wakuu. Hesabu ya mutoto wa primaire. Bane ku saba ni majorité, geuza namna unataka. Na mimi nikamujibu eti article ni article. Nikapanga kikao ingine kisha siku mbili.

Camion ikaenda bila Mama Kavira.

Ile kikao ingine haikukuwa. Basoda balifika siku moja mbele yake. Balibeba bitanda, balibeba sanduku, balibeba hata ile marmite. Sisi tulikimbilia mu mashamba.

Kahindo alizalia chini ya mikahawa, siku ya pili. Mama Kavira alimuzalisha na mikono yake mitupu na wembe moja. Mutoto alilia vizuri. Damu ya mama njo ilikataa kusimama, na dawa ya kuisimamisha ilikuwa mu ile sanduku. Mbele ya saa sita Kahindo alikufa.

Tulichimba na majembe ya shamba. Muhindo alikuwa upande yake, mimi upande yangu.

Haikuishia pale. Mama Kavira alipofika Butembo, bakubwa ba kule, benye balikuwa balimupa byuma na dawa ya maternité, balisema ameuzisha. Alitaka PV, ile karatasi ya kikao ya comité, ya kuonyesha basoda njo balibeba. Na comité ilikuwa wapi? Papa Paluku alishaondoka, mukatekista hivyo hivyo. Nilikaa juu ya jiwe, nikaandika PV mimi peke: batano balikuwako, batano balikubali eti basoda njo balibeba byote. Nikatia majina, nikasaini, nikapiga cachet, nikaibeba mwenyewe mpaka Butembo.

Soda wa barrière hakujua kusoma, aliishika juu-chini, akatafuta tu pahali ya cachet, akanifungulia njia. Ku bureau ya Butembo mukubwa alisoma, akasema ni sawa, akaitia mu dossier.

Hakuna hata mutu mumoja aliuliza tulikuwa bangapi.

Donc benye muko na comité kidogo: quorum yenu isipite hesabu ya kura zenye zinashinda. Na muandike mutu akikosa mara mbili juu ya vita ao ugonjwa, hatahesabiwa mu quorum, lakini jina yake ibaki, ili muke wake asilie. Na secrétaire akishikilia sana article, mumuulize anaficha nini. Hii ya mwisho nimejifunza kwa bei kubwa, na mwingine njo alilipa.

Muandike hapa chini yenu inasema nini, tulinganishe. Na mwenye anataka kunitukana anitukane. Muhindo tunapitana ku soko ya Butembo na binti yake, yule wa chini ya mikahawa, sasa ni mukubwa; ananipa mukono, anauliza bana beko aje, anaenda. Miaka yote hii ninangoja aniseme, na hanisemi.