Jogoo wa mwalimu na mashine ya Neema

Jamani, leo nusura nimfelishe mwanangu kwa sababu ya jogoo.

Neema wangu anasoma shahada ya pili ya uhandisi hapa hapa Singida, kwenye tawi la chuo kikuu. Ndiyo, huyo huyo niliyemlea mtaani Utemini kwa kuuza alizeti.

Leo mashine yake ya kukamua alizeti ilikuwa inapimwa. Ikigoma, anarudia mwaka.

Sasa mimi nitaendaje kwa mwalimu wa mtoto mikono mitupu? Nikambebea jogoo.

Nikamkabidhi mbele ya watu wote. Neema akaziba uso. "Mama, huyu ndiye anayenipa alama."

Mwalimu mwenyewe kijana mpole. "Shikamoo mama. Nikimpokea sasa itakuwa rushwa. Mfunge pale nje kwanza."

Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Nikamwita Mungu kwa Kinyaturu.

Ikanguruma tena, mafuta yakaanza kushuka, membamba kama uzi, jua limeingia ndani yake.

Hapo sikusikia tena mtu. Nilimwona marehemu mama yangu akitwanga alizeti kwenye kinu, na Neema mchanga amelala mgongoni kwangu.

Niliposhtuka, watu wanapiga makofi. Amefaulu.

Mwalimu akanigeukia. "Haya mama, jogoo wangu yuko wapi?"

Tukamkuta kafungua kamba, yuko chini ya mashine anakula mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa.

"Huyu naye kaipitisha," mwalimu akasema.

Nyie mlionishauri nimwozeshe alipomaliza kidato cha nne, chupa ya kwanza ya mafuta ninayo mimi. Karibuni nyumbani mwonje.