Elkana na Tovuti ya Wafinyanzi wa Kendu Bay

Elkana Obare, fundi wa tovuti mjini Homa Bay, alikuwa na ugonjwa wa kupenda vitu vya kung'aa. Alipopewa kazi na akina mama wafinyanzi wa Kendu Bay, alichagua themu, yaani sura ya tovuti iliyoundwa tayari, yenye madoido tele, kisha akaichokonoa ndani. Majina ya akina mama thelathini na wawili akayaandika humo humo ndani ya mafaili yake. Wenye themu walipotoa toleo jipya, akasasisha, majina yakafutika. Akayarudisha, toleo jingine likaja, yakafutika tena. Mtu mzima na akili zake!

Mama Marcella, mwenyekiti wao, akafunga safari hadi ofisini kwake.

"Alhamisi wanunuzi wa Nairobi wanakuja kwetu, na kwanza wataangalia hiyo tovuti. Wasipoona majina yetu, watasema vyungu ni vya broker, si vya mikono yetu. Nitawaambia akina mama nini?"

Kwa aibu, Elkana akamweleza kwamba kwa siku tatu alikuwa akilinganisha themu. Amepata moja isiyo na urembo mwingi, ila ni nyepesi na wenyewe wanaitunza. Hiyo ni kiunzi tu, inaitwa themu mzazi. Juu yake unatengeneza themu mtoto, na mabadiliko yako yote yanakaa kwa mtoto.

Marcella akamkazia macho. "Elkana nyathina, mwanangu, wewe ni Mjaluo kweli? Kijana anajenga simba, nyumba yake mwenyewe, hapo karibu na lango la boma, anapaka rangi anayotaka. Nyumba ya baba hagusi. Kumbe umekuwa ukichora kuta za baba, na baba akipaka upya unalia?"

Elkana akaitazama upya kompyuta yake. Watu wa mbali, wasioijua Kendu Bay hata kwa jina, walikuwa wameweka utaratibu wa boma la kwao ndani ya kompyuta!

Mchana huo huo akajenga themu mtoto, Marcella akiwa ubavuni. Mzazi akamweka wa toleo la zamani makusudi, ili wajaribu. Akabonyeza kusasisha.

Ukurasa ukawa mweupe. Wote wawili wakainamia skrini.

Kisha rangi ya udongo ikarudi, na majina chini ya vyungu. Marcella akayasoma kwa kidole, moja moja, hadi la thelathini na mbili. Elkana alitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Marcella akampigia simu katibu wake.

"Emmaculate, waambie wote wapige pasi nguo za Alhamisi. Majina yote yapo. Tuko."