Tantine Riziki, Bingwa na Diwani

Kila nikifungua friza na baridi ile yenye harufu ya maji na chuma ikanipiga usoni, namkumbuka Tantine Riziki, mdogo wake mama. Alitoka Bukavu, Kongo, akiwa msichana, akasuka nywele Yeoville, Johannesburg, miaka mingi, kisha, msinicheke, akawa bingwa wa kutelezesha mawe juu ya barafu.

Mteja wake mmoja ndiye aliyempeleka uwanjani. Unasukuma jiwe zito la mviringo liteleze hadi kwenye duara, na wenzako wanalitangulia mbio wakifagia barafu ili lisikwame. Nyumbani tulicheka.

"Riziki huyu huyu asiyeshika ufagio hapa?" mama aliuliza.

"Yaya," Tantine akamjibu dada yake, "kule wananipigia makofi. Hapa nani ananipigia?"

Fainali ya taifa ilinikuta bado mdogo. Tulikaa kwenye viti vya baridi, vitenge juu ya majaketi, tukitafuna bisi. Jiwe la mwisho lilikuwa lake, na la wapinzani lilikuwa limekaa katikati kama mwenye nyumba. Tantine alipiga goti, akaliachia lake polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Likateleza, likapinda, likalisukuma lile nje, lenyewe likatulia pale pale. Mama, mwanakwaya mpole, alipiga vigelegele hadi walinzi wakageuka.

Baada ya hapo akachezea nchi hii ng'ambo, akarudi anajulikana. Majirani waliochoshwa na mabomba makavu wakamwomba agombee udiwani, maana uraia alikuwa ameshapata. Mama ndiye aliyeogopa.

"Mgeni ni kuku mweupe, Riziki. Kila mwewe atakuona."

"Basi anione, yaya."

Kwenye mkutano wa kwanza nilisimama kando yake. Hata hajaanza, mwanamume mmoja akapaza sauti kwa Kizulu kwamba arudi kwao. Vidole vya Tantine vilinibana mkono. Akamjibu kwa Kizulu kilekile alichojifunzia saluni:

"Bhuti, kaka yangu, nilipovaa bendera yako kifuani ulinishangilia. Bomba lako likikauka, na langu limekauka. Sasa kwetu ni wapi?"

"Eish!" yule mtu akasema, akacheka mwenyewe. Ukumbi mzima ukamfuata kwa makofi.

Alishinda. Asubuhi ya matokeo, jina lake lilitangazwa lote, na la ukoo wetu mwishoni. Mama akaangua kilio. Nikamuuliza kwa Kiingereza, kama watoto wa Joburg tulivyozoea, analilia nini na tumeshinda.

"Acha tu, mwanangu."

Maji yalirudi mtaani kwetu, na Tantine akachaguliwa tena. Lakini machozi yale niliyaelewa nilipokua, nilipoanza kupanga foleni ya vibali vya ukaazi mwenyewe. Miaka yote mama alikuwa akilisikia jina letu kwenye madirisha ya vibali tu, likitamkwa ovyo, naye akilikimbilia kwa hofu. Asubuhi ile pia lilitamkwa ovyo, lakini safari hii watu walisimama kulishangilia.