Fungu la Watasema

Mbwa akiua ndege wa jirani, mwenye mbwa hulipa ndege kwa ndege. Akirudia kosa, mbwa huuawa. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, wala hakuna mtu katika mtaa huu asiyeijua.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mzee Njuga anaingia uani kwake, suruali imelowa umande hadi magotini, mkuki begani. Ubavuni pake, kwa kamba fupi, anatembea mbwa wake mwekundu aitwaye Watasema. Kikapuni mwake mna nungunungu aliyeuawa katika shamba la mihogo la mkulima mmoja bondeni.

Mzee hapumziki. Anapiga goti mbele ya mlango wa jikoni, anampasua mnyama, anatoa ini na kuliweka katika sufuria kuukuu isiyo na mkono.

“Kula, bwana mkubwa,” anamwambia mbwa. “Kula hapa hapa. Huko porini huna mjomba.”

Bata mmoja anapita karibu akijitikisa. Mbwa anainua jicho moja, kisha anarudia ini lake.

Mzee Njuga ana umri wa miaka sitini na saba. Kazi hii ya kuwinda aliirithi kwa baba yake, zama ambazo pori lilianzia nyuma ya ukuta wa jikoni. Walikuwa na mbwa wanane, kila mmoja na njuga yake shingoni, na ndiko lilikotoka jina lake la utani.

“Mama akizisikia njuga, alibandika maji motoni,” asema. “Hakuuliza tumepata nini. Alihesabu njuga kwanza. Zikitimia nane, ndipo anacheka.”

Leo imebaki njuga moja, nayo imetundikwa msumarini. Pori limekatwa viwanja. Hata hivyo nungunungu na nguruwe mwitu hawakuhama, na wakulima kumi na mmoja bado humwita. Kila mmoja humpa madebe mawili ya mahindi kwa msimu, na hayo ndiyo yanayomlisha yeye na mkewe.

“Bila mbwa huyu,” asema, “mimi ni kizee mwenye fimbo yenye ncha.”

Mwaka jana Watasema alianza kuzurura. Alipotea siku mbili, akarudi. Akapotea siku nne. Mzee akamfunga mnyororo, mbwa akalia mchana kutwa, na alipofunguliwa alikimbia mbali zaidi. Aliporudi alichapwa.

“Nikamfundisha kwamba kurudi nyumbani ni kupigwa,” akiri mzee. “Sasa hapo mwenye akili ni nani, mimi au yeye?”

Siku moja mbwa akaingia uani kwa fundi cherehani, jirani wa nyumba ya tatu, akaua bata watatu.

“Nilimkuta ana manyoya puani, hata haya hana,” akumbuka mama huyo. “Na jina lenyewe Watasema! Nani atakayesema kama si mimi?”

Alimwambia mzee mbele za watu: “Shemeji, mara hii utalipa bata. Mara ya pili sitaki bata.”

Aliyeuona mzizi wa jambo ni mke wa mzee. Katika uwindaji wa baba yake mzee, fungu la mbwa lilitolewa pale pale mnyama alipoangukia. Hiyo ilikuwa heshima ya mbwa, na Mzee Njuga hakuivunja hata siku moja. Nyumbani, Watasema alipewa ukoko.

“Mke wangu akaniuliza, ‘Mume wangu, kama minofu ungepewa nje na hapa ukapewa ukoko, ungelala wapi?’ Niliona swali lile si la mbwa peke yake.”

Kuacha desturi ya baba hakukuwa jambo jepesi. “Mara ya kwanza nilipolifunga ini katika jani nije nalo nyumbani, niligeuka nyuma. Niliona kama marehemu ananitazama ninavyomwibia mbwa.”

Tangu hapo kila fungu huliwa mlangoni. Asubuhi na jioni mzee humzungusha mbwa kwenye mipaka ya kiwanja, nguzo kwa nguzo. Akichelewa kurudi, hupokewa kwa neno jema. “Hata kama nimeuma meno,” aongeza mzee.

Bata wa kulipa angeweza kuwanunua sokoni. Alikataa. Alimwatamisha kuku wake mayai ya bata, akawalea vifaranga uani, mbwa amefungwa karibu, hadi wakazoeana. Wawili waliokua upesi wamekwisha kulipwa. Sasa huu ni mwezi wa nane Watasema hajalala nje. Mzee ananuia kumtafutia jike, ili watoto wake wapate fungu lao la kwanza nyumbani, na nyua hizi zisikie njuga tena.

Kwanza, bata wa tatu. Mzee ananawa, anamkwapua bata yule aliyekuwa akijitikisa, anamshika kwapani na kushika njia. Mbwa anafuata kwa kamba. Hajafika kwenye lango la fundi tangu siku ya kosa.

Bata wa fundi wanatoka mbio, wakipiga kelele.

“Legeza kamba,” fundi anaamuru, futi ya kupimia ikining’inia shingoni. “Nataka kumwona mwenyewe.”

“Shemeji, akikosea?”

“Kanuni unaijua.”

Mzee anaifungua ngumi kidogo kidogo. Kamba inalegea mpaka inagusa chini. Watasema ananusa hewa. Bata mmoja anampita mbele ya pua. Mbwa anamtazama mzee usoni, anapiga miayo, anaketi.

Kisha fundi ananyoosha mikono, anampokea bata na kumpima uzito.

“Mwepesi huyu.”

“Mwepesi? Wale wako walikuwa wamemeza cherehani?”

Fundi anacheka mpaka anashika lango. Anamwachia bata miongoni mwa wenzake, anakung’uta mikono.

“Watatu wametimia, shemeji. Hatudaiani.”