Kocha wa Kolwezi Anayebana Uwanja Mzima

Saa kumi alasiri mjini Kolwezi, vumbi jekundu limetanda uwanjani na sauti ya kocha Baudouin Tshiamala imekauka kwa kupiga kelele. "Bana! Bana! Asipumue!"

Vijana wake wa Étoile Nzilo, timu ya mpira wa kikapu, hawangoji mpinzani avuke nusu ya uwanja. Wanamvamia kulekule kwake, wawili kwa mmoja, kabla hajadunda mpira mara mbili. Jamani, hata mtazamaji anatoka jasho!

Na leo hakuna mzaha. Wakishinda, wanapanda ligi ya kulipwa. Wakishindwa, Baudouin anafukuzwa. Rais wa klabu, René Tshibangu, alimwambia hivyo mbele ya wachezaji wote.

"Mapro, bale ba kulipwa, habakimbizwi hivi," René ananiambia, mikono kiunoni. "Banapiga pasi mbili tu, kikapu yetu iko wazi. Na batoto batachoka."

Hakosei sana. Wiki iliyopita nahodha Mathieu Muteba alikataa kutoka, miguu ikamwisha, wakafungwa.

Baudouin, mwenye miaka arobaini na minne, alichimba kobalti kwa mikono huko Fungurume miaka minane. "Mu shimo hewa ni kidogo," anasema. "Mutu anachimba kidogo, anatoka kabla ya kuchoka, mwingine anashuka. Ule wa kujifanya mwanaume, njo ule tunavuta na kamba, amezimia."

Ndiyo maana kila baada ya dakika chache anabadilisha wachezaji wote watano kwa mpigo.

Zimebaki sekunde za mwisho, 70 kwa 71, wako nyuma. Mathieu ndiye aliyefunga zaidi. Mashabiki wanapiga kelele: "Acha Mathieu ndani! Asitoke!" Baudouin anasita. Nami ningesita, Mungu wangu.

Mathieu mwenyewe anainua mkono. "Tata," anamwita kocha kama baba yake, "miguu imeisha. Unitoe."

Anaingia Dimitri Mpoyi, mapafu bado mapya. Wapinzani wanarusha mpira ndani; Dimitri anaunyakua hewani, anaruka, anafunga. Filimbi ya mwisho! Mama Kapinga, muuza maandazi, anaacha beseni lake na kukimbilia uwanjani.

René anamkumbatia kocha wake hadi miguu inaning'inia. Kisha anauliza: "Na kule mu ligi, bakikufunga?"

"Batatufunga, tata, siku ingine. Tutabana tena." Baudouin anacheka huku akijipangusa machozi. "Kesho mi naenda Fungurume kutafuta batu batano bengine. Nataka bale benye mbio. Lakini kwanza nitabauliza kama banajua kukaa benchi."